Foleni ya 8,500

Jana jioni mtoto wa dada yangu kaniletea manila na maka peni, eti mjomba niandikie namba moja mpaka kumi, mwalimu kasema za kubandika ukutani. Kwenye hii familia chochote cha kuandikwa naletewa mimi, kadi za michango, majina kwenye sufuria za kuazima, hata lile bango la "kuna mbwa mkali" la baba ambaye hana mbwa. Mwandiko mzuri ni mzigo jamani. Basi nikafungua kifuniko cha maka peni, ile harufu ikanipanda mpaka kichwani, nikaandika, nilipomaliza saba nikakwama. Mtoto ananiangalia tu. Mjomba umesahau nane?

Sijasahau nane. Nane nimeshaiandika mara arobaini na kitu usiku mmoja, kwenye vitambaa.

Juni 2020 hiyo. Mnakumbuka Machi vyuo vilivyofungwa, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha, tukaondoka na mabegi kama tunakimbia mafuriko, af tukarudi tarehe 1 Juni. Hapo katikati nilikuwa nyumbani nalima viazi, sitaki hata kueleza. Takwimu zilishaganda tangu mwanzoni mwa Mei huko, wagonjwa 509, vifo 21, basi, kama saa ya ukutani iliyoisha betri. Papai lilishapimwa korona, mbuzi alishapimwa, siku tatu za maombi ya kitaifa zilishapita, mama alishatufukiza nyungu mpaka majirani wanauliza mnapika nini. Jumapili ya tarehe 7 Rais Magufuli akasema kanisani Dodoma kwamba korona Mungu ameiondoa, akawasifia na waumini kwa kutovaa barakoa. Jumatatu yake sisi tuko lekcha, ukumbi wa watu mia tatu tupo mia nne na ushee, wengine kwenye ngazi, wengine wamening'inia dirishani wanamsikiliza mhadhiri kama wanaangalia ndondo.

Ila sisi shida yetu haikuwa korona, shida ilikuwa bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Enzi hizo ilikuwa 8,500 kwa siku, chakula na malazi humo humo, unasaini ya siku sitini kwa mpigo, 510,000. Watu wamerudi chuo na nauli tu wakijua bumu lipo, wanafika ofisi ya mikopo wanaambiwa majina hayajapanda. Kesho hayajapanda. Keshokutwa afisa katoka. Chumbani kwetu tulikuwa wanne wenye vitanda na wawili wa kubebana, tunapika ugali kwenye jiko la umeme lililofichwa chini ya kitanda, likiwaka jirani taa yake inafifia, na mboga ilikuwa dagaa wa kuhesabu, nasema wa kuhesabu kweli kweli, kila mtu saba.

Tukaomba kufanya baraza. Ndo likabandikwa tangazo pale kafeteria, lina mhuri na sahihi, kwamba ili kujikinga na maambukizi mikusanyiko yote isiyo ya kitaaluma imesitishwa. Tangazo lenyewe la Jumanne! Yani Jumapili imeondoka, Jumanne imerudi, na imerudia kwetu tu. Mwenzetu mmoja, Ticha, akasoma kwa sauti mpaka mwisho akageuka akasema, "kumbe hii korona ina ratiba ya vipindi." Inatoka saa mbili asubuhi lekcha zikianza, inarudi saa kumi jioni tukitaka kuongea. Kwenye grupu la darasa CR, yani kiongozi wa darasa, akabadilisha setingi awe anaandika admin peke yake, chini akaweka vile vimikono vya kusali. Na huko mtandaoni nani aandike, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 tulikuwa tunaijua hata sisi tusiosoma sheria.

Ticha sio jina lake, ni kwa vile alikuwa anasomea ualimu na anapenda kufundisha hata asipoulizwa. Akili ilikuwa yake. Akasema kama korona ipo basi tuikubali yote, tuvae barakoa, tusimame mita moja moja, tunawe mikono, na hatuongei, kuongea si ndo kunarusha mate. Halafu tusifanye mkutano. Tupange foleni tu ofisi ya mikopo. Foleni sio mkutano, nani amewahi kukamatwa kwa kupanga foleni nchi hii?

Shuka mbili nyeupe za mtu zikaenda kwa fundi cherehani nje ya geti, akashona barakoa arobaini na kitu kwa bei ya huruma. Mimi kazi yangu maandishi. Wengine wakataka sentensi ndefu, wengine wakataka hadi aya ya Katiba, Ticha akakataa, akasema andika namba tu, 8,500, hakuna mtu atakayesema namba ni matusi. Nikaandika mpaka saa nane usiku. Nane, mkato, tano, sifuri, sifuri.

Kitu ambacho hatukufikiria ni harufu. Asubuhi saa mbili na nusu tuko kwenye foleni, jua limeshaanza kuchoma, na ile maka peni haijakauka vizuri, unavuta pumzi unavuta wino. Macho yanatoka machozi. Binti mmoja mbele yangu akaanza kucheka peke yake kwa kizunguzungu, mabega yanatikisika, hakuna sauti. Foleni imetoka mlangoni kwa afisa mikopo imepita bustani imefika karibu na maktaba, kimya kabisa, unasikia kunguru tu. Watu wanapita wanasoma midomo yetu. Nakumbuka nilijisikia mkubwa sana kwa kama dakika ishirini hivi.

Akaja mshauri wa wanafunzi na walinzi watatu. Mama mmoja mpole, ana kitenge, ametusaidia wengi na mambo ya matibabu, hilo lazima niseme. Akatembea foleni nzima taratibu kama anakagua gwaride. Akasimama kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua hiyo nikuone. Korona si imeisha?"

Nikavua kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeuchimbia mfukoni, na nilipomaliza kuvua nao huo nikaurudisha mfukoni haraka pamoja na barakoa. Vidole vyangu vyote vilikuwa vyeusi, mpaka kwenye kucha, nilivisugua usiku ule na sabuni ya kufulia na mchanga havikutoka.

"Nani ameandika hizi?"

Kimya.

"Wewe. Unaongea na mama yako mikono mfukoni?"

Hapo sasa. Kama mmelelewa kama nilivyolelewa mimi mnajua hiyo sentensi inafanya nini mwilini, mikono inataka kutoka yenyewe. Nikaisikia inatoka. Kitambaa cha mfuko kinakwaruza, nimefika hapa kwenye viganja, na kichwani nina jibu moja tu, la kijinga, nilitaka kusema mama mimi nimekuja kusaini tu. Nafikiri nilishafungua mdomo.

"Mimi mama. Nimeandika mimi."

Ticha, wa tatu nyuma yangu. Na mikono yake ameinyoosha mbele, misafi kama ya daktari. Yule mama aliiangalia. Naapa aliiangalia ile mikono, af akaniangalia mimi, af akamwambia Ticha twende.

Mengine yalienda haraka. Kamati ya nidhamu wakampa karatasi aandike 8,500, aliniambia baadaye, na Ticha alikuwa na mwandiko mbovu kuliko wote darasani, nane yake ni mayai mawili yaliyogombana, lakini hawakujali, walikuwa wameshapata jina. Kusimamishwa mwaka mzima wa masomo, kosa ni kuandaa mkusanyiko usio na kibali na kuhatarisha afya za wenzake. Kuhatarisha afya, watu wamevaa barakoa! Jumamosi majina yakapanda. Nikasaini. Afisa akasema umebarikiwa mwandiko kijana.

Nilimtumia Ticha elfu hamsini kwenye simu akiwa kwenye basi. Akajibu asante mkubwa. Hakurudi chuo, siku hizi ana kibanda cha miamala kwao na bodaboda mbili, na ukimuuliza atakuambia ualimu ungemuua kwa njaa, labda ni kweli, labda anasema hivyo nikiwepo mimi. Sijawahi kumuuliza kwa nini alisema. Niliwahi kukaribia, 2022 ile 8,500 ilipopandishwa ikawa 10,000, nikampigia, tukaongelea mpira nusu saa.

Na mama yule sijui aliona nini. Hili nalo nalirudia sana usiku.

Basi jana mtoto kachoka kusubiri akachukua maka peni akaandika nane yake mwenyewe, imelala chali, nikamalizia tisa na kumi. Nikapiga picha nikamtumia Ticha. Akajibu "mwandiko ule ule." Dakika mbili baadaye ikaingia nyingine, kaka una elfu ishirini hapo, Ijumaa nakurudishia.

Nimetuma thelathini. Hajawahi kurudisha hata moja, na mimi sijawahi kudai.