Padi isiyo na waya ilivyoacha kukata sebuleni kwetu

Padi, yaani kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu za PlayStation (PS), ikianza kukata mawasiliano, wengi wanawaza kununua nyingine. Mimi hela ya padi mpya sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo ningesita, maana ile iliyokuwa inatusumbua ukiisogeza karibu na TV inafanya kazi vizuri kabisa. Ukirudi kukaa kwenye mkeka, kule karibu na mlango, mambo yanaharibika. Unabonyeza pasi, inatoka beki ameshafika. Unapiga shuti, mpira unaondoka ukiwa umeshakata tamaa. Halafu ghafla ujumbe unatokea kwenye skrini kwamba padi haionekani, mchezo unasimama, na wapwa zangu wanaanza kushikana mashati.

"Mjomba, hii padi imekufa," aliniambia yule mkubwa.

Lakini padi iliyokufa haifufuki kwa kusogezwa hatua chache. Kwa hiyo nikaanza kuichunguza sebule.

Tuna PS4 Slim ya mtumba na padi mbili za DualShock 4. PS ilikuwa inakaa ndani ya kabati la TV, mlango wa mbao umefungwa ili vumbi lisiingie na mtoto mdogo asiichokonoe. Mbele yake, kwenye matundu ya USB, ilikuwa imechomekwa diski ya nje tunayohifadhia magemu. Juu ya kabati, ruta ya intaneti. Kila chenye kelele ndani ya nyumba kilikuwa kimeizunguka.

Nikisema kelele sina maana ya ile ya masikio. Padi inaongea na PS4 kwa Bluetooth, inayotumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Wi-Fi nyingi za majumbani nazo ziko hapohapo, na maikrowevu ikiwashwa inavujisha kidogo katika eneo hilohilo. Bluetooth inajitetea kwa kuhamahama: ina chaneli 79, na inaruka kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, kama abiria anayebadilisha daladala kila kituo ili akwepe foleni. Sasa kama kila inakorukia kuna zogo, amri ya kidole chako inabidi itumwe tena na tena mpaka ifike, na hapo ndipo pasi inapochelewa. Diski za USB 3 nazo zina balaa lake. Zikiwa kazini, hasa waya wake ukiwa wa hovyo, zinatoa kelele ya redio kwenye mawimbi hayohayo. Kampuni ya Intel ilitoa andiko zima kuhusu jambo hili mwaka 2012. Ongeza miili ya watu, ambayo imejaa maji na inayameza mawimbi hayo, kisha kalisha watoto watatu mbele ya kabati lililofungwa.

Nilibadilisha kimoja kimoja, kwa sababu ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua ni kipi kilikuwa kinakusumbua. Kufungua mlango wa kabati kulisaidia kidogo tu. Nikazima PS, nikachomoa diski kabisa, tukacheza gemu lililoko ndani ya PS yenyewe: padi ikatulia hadi mlangoni. Mchawi mkuu kapatikana. Diski sikuiacha, nilitafuta waya mrefu zaidi na mnene, wenye kinga nzuri, nikaihamishia ncha ya pili ya kabati. Ruta nikaipeleka koridoni, na Wi-Fi ya PS nikaihamishia gigahezi 5. Slim inaweza hilo. PS4 ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 2013, haiwezi. Mwisho PS yenyewe ikapanda juu ya kabati. Mama alitaka kuifunika na kitambaa chake cha kufuma, tukabishana kidogo, kitambaa kikaishia chini ya TV, maana ile mashine ikikosa hewa inaunguruma kama inataka kupaa.

Padi ya pili ilikuwa na kisa kingine. Hiyo ilikuwa inaazimwa. Kijana wa jirani, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, akipata mgeni anakuja: "Shikamoo kaka, naomba padi moja." Inarudi kesho yake ikiwa nzima, lakini ukibonyeza kitufe cha PS taa inapiga nyeupe, inapiga, inapiga, inazima, badala ya kutulia kwenye bluu ya mchezaji wa kwanza au nyekundu ya wa pili. Sababu ni kwamba DualShock 4 inakumbuka PS moja tu. Ikishaunganishwa kwa jirani, ya kwako imeshaisahau. Tena kibaya zaidi, wakati wewe unabonyeza huku ukishangaa, kule ng'ambo ya ukuta PS yao iliyolala inaamka na kuwasha taa. Mama yake alishafikia hatua ya kuisomea dua, mpaka kijana alipokuja kutuuliza kama tunachezea padi.

Dawa yake ni rahisi: chomeka padi kwenye PS yako kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS, baada ya hapo chomoa uendelee bila waya. Rahisi ukiwa na waya sahihi. Nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa mitaani ni za chaji tu, ndani hazina nyuzi za kupitishia data. Padi inaonyesha taa ya chungwa kwamba inakula chaji, unafurahi, lakini PS haiitambui hata ukibonyeza mpaka kidole kiume. Mimi nilizipima nyaya zote za nyumbani kwa simu na laptopu: waya ambao unaifanya laptopu ione picha za simu, huo una data. Ulipatikana mmoja tu, nikaufunga utepe mwekundu, unakaa kwenye droo ya TV. Kijana wa jirani akija anapewa padi. Waya hautoki.

Kuna siku hata waya wa kweli haukufua dafu. Nyuma ya padi, upande wa kitufe cha L2, kuna kitundu kidogo sana. PS ikiwa imezimwa, ingiza kijiti cha meno, utasikia kitufe kinabonyea. Shikilia sekunde chache, kisha chomeka waya uunganishe upya. Ilikubali.

Baada ya yote hayo mpwa mdogo akaendelea kulalamika kwamba anabonyeza na mchezaji wake anachelewa. Kwenye mipangilio ya PS4, upande wa vifaa, unaweza kuchagua padi, kama ni ya toleo la pili la mwaka 2016, iwasiliane kwa waya badala ya Bluetooth. Nikaweka hivyo, nikampa padi ikiwa na waya wake. Bado akachelewa. Basi hapo Bluetooth haina kesi. TV nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba huko kunakula muda. Nikaiweka TV kwenye hali ya gemu, rangi zikapauka kidogo, na malalamiko yakaisha. Sasa akifungwa amefungwa kihalali.

Betri sitaki kuizungumzia sana. Ya DualShock 4 ni mAh 1,000, ndogo, na padi ya mtumba inakuja na betri iliyochoka. Nilipunguza mwanga wa taa na kuzima mtetemo, ikaongezeka uhai kiasi. Ukifikia kubadilisha, fundi atakuuliza padi yako ni toleo la kwanza au la pili, na ana haki ya kuuliza, kwa sababu plagi za betri zao hazilingani. Toleo la pili, lililotoka 2016, lina mstari wa mwanga unaoonekana juu ya kile kibao cha kugusa.

Kwa sasa kilichobaki ni analogi ya kushoto, kile kijiti cha kumwelekeza mchezaji, ya ile padi ya kuazimwa. Imeanza kuvuta: umeiachia kabisa, lakini mchezaji anatembea pole pole kuelekea kona. Hilo halina uhusiano na mawimbi wala ruta, ni kipande cha ndani kilicholika kwa kusuguliwa. Fundi anasema anaweza kuifungua, akatoa ya zamani na kulehemu nyingine. Nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi, na kijana wa jirani nimemwambia achangie.