Kutoka Goma hadi Makerere

Vijana wa Goma wanaoniuliza kuhusu masomo ya Kampala huanza karibu wote na swali la Kiingereza, nami huwajibu kwamba Kiingereza kinasumbua miezi ya mwanzo tu. Kinachomtoa jasho zaidi mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa ni namna Chuo Kikuu cha Makerere kinavyohesabu kazi yake.

Kwetu, mwanafunzi hununua silabi ya profesa, yaani kijitabu cha mihadhara yake, huikariri usiku kwa tochi ya simu umeme ukikatika, hufanya mtihani, kisha husubiri kikao cha walimu kipitishe alama zake, zinazohesabiwa kati ya 20. Makerere, muhula ni wa wiki 17, na mbili za mwisho ndizo za mitihani; lakini sehemu kubwa ya alama, mara nyingi 30 au 40 kwa 100, imekwisha kugawanywa kabla ya hapo kupitia insha, majaribio na kazi za vikundi. Anayengoja mwisho wa muhula ndipo afungue daftari huwa amechelewa, hata kama Goma alikuwa wa kwanza darasani. Matokeo yote hujumlishwa kwa kipimo cha juu cha 5, na daraja la kwanza huanzia 4.40.

Nakumbuka kipindi kimoja Makerere ambacho mhadhiri wetu alikwenda kukaa viti vya nyuma, akamwacha mwanafunzi mbele aeleze somo zima. Alipomaliza, mhadhiri alimwuliza, "Na wewe mwenyewe unaonaje?" Swali hilo halikuwamo katika silabi yoyote niliyowahi kununua. Mimi nadhani ndilo linalofaa kuanza kuzoewa ukiwa bado nyumbani, kwa kusoma vitabu viwili vinavyopingana juu ya jambo moja na kuandika ukurasa mmoja wa maoni yako.

Upande wa karatasi, Diploma ya Serikali, yaani cheti chetu cha kumaliza sekondari, inahitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza na kulinganishwa na cheti cha Uganda, kazi inayofanywa na UNEB, baraza la mitihani la nchi hiyo. Shughuli hiyo ianze mapema, kwa sababu diploma zetu zenyewe hukawia kutoka.

Kiswahili chetu hakikufikishi mbali kule. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini muuza roleksi wa Wandegeya, mtaa ulio kando ya chuo, yule anayekukunjia chapati na mayai, atakujibu kwa Kiganda. Magari nayo hupita upande wa kushoto, kwa hiyo mgeni kutoka kwetu huangalia upande usiofaa kila anapovuka barabara. Jambo moja humchekesha Mkongo: chuoni kuna bweni linaloitwa Lumumba, na bondeni, kati ya chuo na hospitali ya Mulago, kuna mtaa wa mabanda unaoitwa Katanga, jina la jimbo letu ambako Lumumba aliuawa. Historia yetu imewekwa ujirani bila sisi kuulizwa.

Fedha ndizo zinazovuruga masomo ya wengi. Ada inatakiwa iwe imekamilika kabla ya mitihani, na kalenda ya chuo haijui hali ya Goma. Benki za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita mwanzoni mwa 2025, kuna wazazi waliolazimika kuvuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière hadi Gisenyi, Rwanda, ili tu watume fedha za muhula, wakati mtoto wao kule Kampala amekwisha kufanya kazi zote za darasani na anaogopa kufungiwa mlango wa chumba cha mtihani. Ndiyo maana naishauri familia yoyote itenge ada ya muhula mzima kabla mtoto hajapanda basi, hata kama itabidi aahirishe mwaka mmoja. Chumba nacho kitafutwe kabla ya Agosti, muhula unapoanza. Hosteli za Kikoni ziko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chuoni, na zilizo karibu na lango ndizo zinazojaa kwanza.