Nusu kabla ya mkasi: uzoefu wangu wa fremu ya ushonaji Tandika

Watu wakipita wakaona nguo zimejaa ukutani kwa fundi, wanasema huyu kazi zinamtafuta. Mimi nina fremu ndogo ya ushonaji hapa Tandika, wilaya ya Temeke, na hizo nguo za ukutani ndizo zilizokuwa zinanimaliza. Zile ni nguo zilizokwisha. Zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimetundikwa kwenye henga, wenyewe hawajaja. Ndani ya kila moja kuna zipu yangu, bitana yangu, uzi wangu, umeme wangu na ujira wa kijana aliyenisaidia, na vyote hivyo nimeshavilipa. Nikisikia watu wanasema tatizo la mfanyabiashara mdogo ni mtaji, nakubali nusu. Wangu ulikuwepo, ila ulikuwa unaning'inia.

Ushonaji wa mtaani unajulikana ulivyo. Mteja analeta kitambaa, anakuonyesha picha kwenye simu, anapimwa, anaomba apunguziwe, kisha anasema, "Fundi, hela nakupa nikija kuchukua." Unaandika vipimo. Nguo inakuwa tayari, mwenyewe ana msiba Lushoto, au ada ya mtoto imemkaba, au amehamia Dodoma. Na wala hajioni kama ana deni. Kitambaa chake kiko kwako, kwa hiyo kwa hesabu zake yeye ndiye anayekudai wewe.

Kila fundi ana lile tangazo la miezi mitatu, kwamba nguo isiyochukuliwa hatutahusika nayo. Langu liliandikwa kwa maka peni nyekundu na halikumtisha mtu. Gauni limekatwa kwa kifua cha inchi 44 na kiuno cha 39, bega la kulia limeshushwa kidogo kwa sababu mwenye gauni bega lake moja liko chini. Nimuuzie nani? Na hata akipatikana wa kumkaa, mwenye mali atatokea wiki hiyohiyo, na Tandika nzima itaambiwa kwamba yule fundi anauza nguo za watu. Kupiga simu nako ni kupoteza dakika. Anakwambia anakuja Jumamosi, sasa Jumamosi ya mwezi gani hakwambii.

Kilichonisaidia ni kubadilisha wakati wa kupokea hela. Nikaweka sheria kwamba mkasi haugusi kitambaa mpaka nusu ya bei iwe imeingia. Kitambaa nakipokea, nakikunja, nakitia kwenye mfuko wenye jina, na kinaweza kukaa humo hata mwezi mzima. Ila hakikatwi.

Wenzangu wengi wanachukua advansi ya elfu tano na kuridhika. Mimi niliipigia hesabu. Chukua gauni la kitenge la shilingi 30,000. Zipu, bitana, uzi na vifungo, elfu sita. Kijana namlipa kwa nguo, na kwa gauni la namna hiyo anapata elfu saba. Umeme tuseme elfu moja. Hizo ni 14,000 zimeshatoka mfukoni kwangu kabla mwenye gauni hajaliona. Nusu ya bei, 15,000, inafunika zote. Asiporudi, nimekosa faida tu. Lakini kwa ile elfu tano nabaki na pengo la elfu tisa, na nguo kumi za hivyo ni 90,000, karibu kodi yangu ya mwezi.

Wateja walinuna. Mama mmoja jirani, mtu mzima ambaye nampa shikamoo kila asubuhi, aliniuliza, "Mwanangu, ina maana mimi huniamini?" Nikamwambia, "Mama, wewe nakuamini. Tatizo muuza zipu wa Kariakoo haniamini mimi, hanikopeshi hata moja." Akacheka, akafungua pindo la khanga, akanihesabia. Tangu siku hiyo jibu langu ni hilo kwa kila mtu, na sijaona aliyekasirika baada ya kulisikia. Kumwambia mtu "ndiyo utaratibu wa ofisi" kunamkwaza. Kumweleza hela yake inakwenda wapi kunamwingia.

Wapo waliohama, siwezi kusema hawapo. Walikwenda kwa mafundi wasiodai chochote mwanzoni, na kuna majina ambayo sijayaona tena. Ila waliobaki walikuwa na tabia mpya. Mtu aliyekwisha kutoa 15,000 anakuja siku aliyoambiwa, tena mapema. Anakuja na maneno pia: mkono huu umebana, pindo limepanda, hili silo shingo la kwenye picha. Zamani mteja ambaye hajatoa hata mia alikuwa mpole kuliko huyu.

Na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu upande wangu, kwa sababu mafundi tunajulikana kwa "njoo kesho". Ukishakula nusu ya mtu, kesho yako lazima iwe kesho kweli. Nikaacha kuandika oda kwa kufuatana tu, nikatenga ukurasa mmoja kwa wiki moja. Najua cherehani zetu mbili zinatoa nguo ngapi kwa wiki umeme ukiwepo, kwa hiyo juu ya ukurasa naandika idadi hiyo, na ikijaa, anayefuata anaingia ukurasa wa wiki ijayo, awe nani. Pembeni ya vipimo nabana kipande kidogo cha kitambaa kwa pini. Hiyo pini imeokoa ugomvi mwingi, maana vitenge vya bluu na njano kwenye mifuko kumi vinafanana, na kijana akikata kimakosa cha mtu mwingine unalipa kitambaa kizima. Ramadhani ndiyo mtihani wenyewe. Katikati ya mwezi kurasa zinakuwa zimejaa mpaka siku ya Idi, na watu bado wanaingia: "Fundi, nibanie hapohapo." Sibani. Nawaelekeza kwa jirani.

Sare za shughuli nazo zina vituko vyake. Sendofu au kichenpati ikikaribia, inakuja kamati ya wanawake kama ishirini, kitambaa kimoja, mishono ishirini tofauti, na kila mmoja anasema atalipa yake. Kwa nje ni neema. Kwa ndani ni wateja ishirini wasiofahamiana vizuri, ambao wote nguo zao zinatakiwa Jumamosi ileile asubuhi, na nusu yao hawajachangia hata kitambaa. Sasa sipokei sare bila mlipaji mmoja. Kawaida anakuwa mweka hazina wa kamati, na yeye ndiye anayejua namna ya kuwabana wenzake. Siku ya kupima ni moja, wanakuja wote au wanatuma mtu na nguo inayowatosha. Mishono naruhusu mitatu, wachague. Kwenye ubavu naacha inchi moja zaidi kila upande, kwa sababu mtu anayepimwa Juni na kuvaa Agosti si yuleyule, hasa akiwa kwenye vikao vya kamati ambako kila Jumapili kuna pilau. Na yupo daima yule mmoja anayeleta kitambaa siku tatu kabla ya shughuli. Huyo bei yake ni nyingine, naitaja mbele ya wenzake siku ya kupima, ili asije akadhani nimemwona mgeni.

Malipo kwa simu nitayapitia haraka. Natumia lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, na sitoi nguo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Naangalia salio langu mwenyewe. Meseji za kubuni zipo na zimetengenezwa vizuri kuliko za kweli.

Umeme ni habari ndefu kidogo. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, mafundi waliokuwa wameuza cherehani zao za miguu walikaa kibarazani wanacheza bao. Mimi Butterfly yangu ya kukanyaga nilikuwa sijaiuza kwa sababu hakuna aliyefika bei. Ikawa mchana tunakata na kuunganisha kwa miguu, umeme ukirudi usiku ovaloki inapita kwenye kingo za nguo zote kwa mpigo, na pasi ya mkaa ikafufuka. Mgao uliisha lakini mpangilio ule nimeubakiza kwa upande wa pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo saa moja inakula uniti nzima, na kwa matumizi yetu uniti inagusa shilingi 350 na zaidi, wakati mota ya cherehani haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo haturuhusu tena pasi ya kuwashwa asubuhi na kukaa imewaka kusubiri kazi. Nguo zinakusanywa, zinapigwa jioni mara moja.

Kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuna jambo ambalo wapangaji wengi wa fremu hawaliulizi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye manunuzi ya umeme, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia 2023 ikawa 1,500. Mwenye jengo ndiye anayedaiwa, lakini anayenunua umeme ni mimi. Kwa mwaka ni 18,000. Juu yake kuna kodi ya zuio: mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), na mwenye nyumba huwa anataka pango lake likamilike kama lilivyo. Nilimfuata mzee mwenye nyumba nyumbani kwake jioni, si kwenye fremu mbele ya watu. Nikamsalimia, nikanywa chai, nikatoa karatasi. Nilimwambia, "Mzee, mimi nikulipe miezi sita kwa mkupuo, tarehe moja, usinifuate hata mara moja. Wewe kubali zuio litoke ndani ya hiyo laki sita, na hii kodi ya jengo ya kwenye umeme tuipunguze humohumo." Alitaka kwanza ajue mpangaji wa pili anasema nini. Baadaye alikubali, tukaandika kwenye mkataba. Kilichomvuta ni ile habari ya mkupuo, maana wapangaji wake wengine wanamzungusha.

Laki sita kwa mkupuo haipatikani kwa kuitafuta wiki ya mwisho. Naweka elfu nne kila siku ya kazi kwenye laini ambayo simu yake inakaa nyumbani. Siku 26 kwa mwezi, miezi sita, ni 624,000, na hiyo inayozidi inabeba makato. Laini ile ikikaa mfukoni kwangu hela haifiki Ijumaa.

Vijana wa kazi sina dawa yao. Unamfundisha mtu mpaka anajua kukata kola, anahamia fremu ya pili na namba za wateja wako kwenye simu. Nilichofanya ni kubaki na kazi ya kupima na kukata mwenyewe, daftari ninalo mimi, naye anashona. Ameondoka mmoja hivyo, tunasalimiana vizuri.

Baada ya shughuli za Desemba fremu inapoa kabisa, isipokuwa kwa sare za shule, na Januari ndiyo mwezi pekee ambao mzazi analipa taslimu bila kujadili, kwa sababu shule zimefunguliwa na mtoto yuko nyumbani. Tatizo ni kwamba ukianza kushona Januari umechelewa. Lazima ushone Oktoba na Novemba, kipindi ambacho hela haipo. Hapo ndipo kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kilipofaa. Tunanunua hisa kila wiki na tunavunja Desemba. Oktoba nakopa humo kulingana na hisa zangu, naenda Kariakoo nanunua jora la bluu na jora la jeupe kwa bei ya jumla, tunashona sketi na mashati kwa namba, yaani saizi, kila kazi za wateja zikipungua. Desemba kikoba kikivunjwa nakatwa deni kwenye mgao wangu. Nisingesubiri mgao wenyewe ndipo ninunue kitambaa, maana wakati huo kila fundi wa Temeke yuko Kariakoo anagombea jora lilelile na bei imeshapanda.

Namba ndizo zinazohitaji akili. Namba ndogo za darasa la kwanza zinatoka haraka, kwa hiyo kishawishi ni kushona hizo nyingi. Lakini sketi ndogo ikibaki, imebaki, huwezi kuirefusha. Sketi kubwa ikibaki naifumua kiunoni, nakata, inakuwa ndogo kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo nashona nyingi za kati na kubwa, na wiki ya kwanza ya Januari cherehani moja inakuwa ya kupunguza tu, mzazi amekaa kwenye benchi anasubiri.