Bahasha ya baba

Marehemu baba alikuwa karani wa mahakama, na hata baada ya kustaafu alisikiliza hukumu kama wenzake wanavyosikiliza mpira. Jumatano ya Septemba 20, 2017, nilimkuta uani kwetu Manyatta, Kisumu, redio juu ya ndoo iliyopinduliwa, sahani ya omena pembeni haijaguswa.

Uchaguzi wa rais wa Kenya ulikuwa umebatilishwa tangu Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili. Siku ile mtaa wa Kondele uliimba kwa furaha, na nani aliuliza sababu? Sababu zenyewe ndizo Mahakama ya Juu ilikuwa ikizisoma sasa, saa baada ya saa, na mtaa mzima ulikuwa kwenye shughuli zake.

"Mwalimu," aliniita hivyo kila akitaka kunitega, "si unafundisha viunganishi? Niambie tofauti ya 'na' na 'au'."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alichukua bahasha kuukuu akaniandikia kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kwa Kiswahili chake: uchaguzi hautabatilishwa ikiwa ulifuata misingi ya Katiba, au ikiwa kasoro hazikuathiri matokeo. "Au" akaipigia mstari mara mbili hadi kalamu ikatoboa karatasi. Majaji wengi, alisema, wameshikilia hapo: mlalamishi akithibitisha misingi ilikiukwa, yatosha, hata kama hakuonyesha hesabu ya kura ingebadilika.

Nikaisoma kama ninavyosahihisha insha. "Lakini baba, hii si kinyume? Kwa 'au', sharti moja likitimia tu, uchaguzi umepona."

Akapunguza sauti ya redio. "Sarufi yako sawa. Ila kifungu hicho ni cha Bunge, na juu yake iko Katiba. Ibara ya 259 inataka isomwe kwa kuendeleza malengo yake. Sasa uchaguzi uikanyage Katiba, halafu tarakimu ziuokoe?"

Tulibishana mpaka mama akaja kuchukua sahani.

Oktoba Bunge likapitisha marekebisho ya kifungu hicho, "au" ikawa "na". Nikampigia simu kumtania: kwa sarufi yangu, wamerahisisha kubatilisha uchaguzi, jambo lile lile walilotaka kulizuia! Aprili 2018 Mahakama Kuu ikayatupa marekebisho hayo.

Bahasha niliikuta kwenye koti lake baada ya mazishi. Juu ya "au", kwa wino mwingine, alikuwa ameandika "na", kisha akaikata.