Jiliwa la Wilton: siku ya 23, limeachia

Limeachia! Nasema jiliwa langu la Wilton (kampuni ya Marekani), kile kifaa cha taya mbili cha kubania chuma mezani, lililokuwa limeganda kwa kutu. Jana saa tano usiku mpini ulizunguka, chuma kikalia kama bawaba ya ghala, na taya la mbele likasogea upana wa kucha. Nilipiga ukelele hadi Mama Neema akatoka mbio na kanga, akidhani nimeungua.

Ni la taya za inchi 4, nililipata kwa dola 60 kwenye mnada wa vitu vya marehemu hapa Ohio. Uzito wake unapita nusu mfuko wa simenti. Lilikuwa limeganda taya zikiwa wazi kidole kimoja tu. (Nyumbani mafundi wanasema vaisi. Mimi nasema jiliwa, neno zuri lisife.)

Kilichoninyima usingizi hasa ni tarehe. Wilton za zamani zina muhuri chini ya bomba linaloteleza na taya la mbele, kando ya mfereji wake: GUAR. EXP., halafu mwezi na mwaka wa dhamana kuisha. Dhamana ilikuwa miaka 5, basi unatoa 5 unapata mwaka lilipotengenezwa. Sasa jiliwa likiganda hivi, muhuri umo tumboni. Ubavuni lina maandishi ya Chicago, na kiwanda kilihama huko kwenda Schiller Park mwaka 1957, kwa hiyo nilijua ni la kabla ya hapo. Lakini la lini?

Wiki ya kwanza niliipoteza kwenye kutoa kutu kwa umeme: pipa la maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri ya gari, hasi kwenye jiliwa, chanya kwenye vipande vya nondo. Kutu ya nje ilitoka safi. Ndani, hakuna kitu. Umeme ule unafanya kazi pale tu chuma kinapotazamana na nondo, haukati kona. Tena ukabandua na rangi ya kijivu ya kiwandani, iliyokuwa imebaki karibu nusu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu rangi ya asili ikishatoka hairudi.

Ubishi wote wa Wilton uko kwenye sifa yake kubwa. Parafujo imefichwa ndani ya bomba, na bomba limo ndani ya mwili wenye umbo la risasi, ili vumbi la tupa lisiingie. Vumbi haliingii, na mafuta nayo hayaingii! Nilimimina oili ya gia boksi ya otomatiki iliyochanganywa na asetoni, nusu kwa nusu, ikachuruzika yote mezani. Siku tano nilimimina hivyohivyo.

Kisha nikalisimamisha wima, taya juu, nikaziba mfereji kwa nta na kuzungushia ukuta mdogo wa nta pale bomba linapoingia mwilini. Mafuta yakatuama kama kisimani. Siku ya pili yalikuwa yameshuka milimita tatu, nikajua yananywewa. Nikaongeza kila asubuhi kwa siku tisa. Jana nikafuta kila tone na kuondoa nta, nikapasha mwili peke yake kwa kichomeo cha gesi, taratibu, pande zote, ili utanuke bomba likiwa bado baridi. Nyundo ya shaba kushoto, kulia. Halafu nikakaza badala ya kufungua. Robo mzunguko kwenda, robo kurudi. Lilipokubali kukaza tu, kazi ilikuwa imekwisha.

Wanaoshauri kuchomeka bomba refu kwenye mpini, tafadhali acheni. Chuma cha kusubu hakijikunji, kinapasuka, na jiliwa la miaka hiyo likipasuka limekwenda. Nyundo ya chuma nayo ikae mbali.

Muhuri nilikuwa nausugua kwa mswaki na mafuta ya taa saa sita usiku. 10, halafu 56. Oktoba 1951. Kampuni ilianzishwa mwaka 1941, kwa hiyo hili lilitoka ikiwa na miaka kumi hivi, na parafujo ndani bado ina grisi nyeusi nzito, meno makali kana kwamba halijawahi kubana kitu.

Nilipanga wiki hii nichonge bamba mpya za taya na kutengeneza stendi ya gogo la mwaloni. Zitasubiri. Leo asubuhi nimeona jiliwa la kampuni nyingine, Reed ya Erie, Pennsylvania, linauzwa mwendo wa saa tatu kutoka hapa, mpini umepinda na taya zimekwama zikiwa zimefungwa kabisa. Nta bado ninayo nusu kopo.