Kilo zilishuka, kiuno kikabaki palepale

Nilipostaafu ualimu hapa Mikindani nikiwa na miaka 60, nilikuwa na kilo 86, nikaamua kupunguza uzito kwa kujinyima chakula. Baada ya miezi 4 mizani ilisoma 79, na watu wakanipongeza. Hata hivyo, kila nilipoinuka kwenye mkeka ilinibidi niweke kiganja chini, nijisukume, kisha nishike ukuta. Fundi cherehani aliyenipima suruali mpya alizungusha tepu, akaitazama mara mbili, akaniambia, "Mwalimu, mapaja yamepungua, ila kiuno bado ni sentimita 103."

Kumbe nilikuwa nimepoteza misuli, ambayo hupungua taratibu tangu mtu anapofikisha miaka thelathini na kitu na kwa kasi zaidi baada ya miaka 60, na kupungua huko huzidi mtu anapojinyima chakula bila kuitumikisha. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo hasa huchochea uvimbe mdogo usiokwisha mwilini (si nundu, bali kinga ya mwili kuwaka muda wote kana kwamba kuna jeraha) na kuchangia kisukari na maradhi ya moyo, yalikuwa bado yamejaa.

Kwa ushauri wa tabibu wa zahanati, nilianza kuketi na kusimama kitini mara 10, asubuhi na jioni, bila kushika chochote, nikarudisha samaki katika milo yangu, na badala ya wali mweupe kila siku nikala mbaazi, kunde na kisamvu. Bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi za vyakula hivyo, tusizoweza kumeng'enya wenyewe, wakatengeneza butireti, ambayo ni chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta huo ukidhoofika, vipande vya bakteria huweza kupenya hadi kwenye damu na kuchochea uvimbe uleule. Élie Metchnikoff, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, alidai kwamba uzee huanzia utumbo mpana. Alitia chumvi, lakini naamini alitazama mahali panapostahili.

Wiki ya kwanza tumbo lilijaa gesi hata nikakosa usingizi, kwa sababu nilianza na bakuli zima. Nilirudi kwenye vijiko vitatu, nikaongeza kidogokidogo kwa mwezi mzima, huku mke wangu akiloweka mbaazi usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kuzipika.

Leo, baada ya miezi 9, nina kilo 81, yaani nimezidi siku zile za pongezi, lakini kiuno ni sentimita 97. Jana niliinuka kwenye mkeka nikiwa nimempakata mjukuu kwa mikono yote miwili.