Barua Isiyo na Tarehe

Machi 2020 hoteli moja ya Mji Mkongwe, Unguja, nilikokuwa nikihudumia mezani, ilitupa barua za likizo bila malipo. Barua haikutaja siku ya kurudi. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kwa ajili ya korona, nikaelewa kwa nini.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani Mikunguni, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, jiko la mkaa la wote. Kodi elfu arubaini kwa mwezi. Mama, aliye Konde, Pemba, sikumwambia. Wapangaji wenzangu vilevile. Kwa wiki tatu nilikoga alfajiri, nikavaa shati la kazi lililopigwa pasi, nikatoka kama mtu anayewahi zamu. Nilikwenda kukaa Forodhani nikitazama bahari, mchana nikala boflo kavu kwa maji, jua likizama nikarudi. Kijana unayesoma haya nawe uko katika hali hiyo, nakwambia kwa moyo wangu wote: njaa haikuniumiza kama kufunga vifungo vya shati lile.

Jioni moja Bi mkubwa mwenye nyumba alinikuta nachota maji. Akanitazama usoni.

"Mwanangu, hoteli yenu haina paa?"

Sikufahamu alichokusudia.

"Mbona uso umeungua kama wa mvuvi?"

Nilimwambia yote palepale, ndoo mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mficha uchi hazai. Kodi ataiandika kwenye daftari, na kesho baada ya sala ya alfajiri nikamkunie nazi za vitumbua. Usiku ule nililala usingizi wa kweli.

Habari ikaenea nyumbani, na kumbe ndiyo iliyoniokoa. Kaka wa chumba cha mbele alikuwa kibarua wa dagaa Mangapwani, akanambia nifuatane naye. Mashua zikifika tunabeba ndoo hadi kwenye majiko, dagaa wanachemshwa kwa maji ya chumvi, kisha tunawatandaza juani na kuwageuza. Wakikauka vizuri wanunuzi huwasafirisha hadi Kongo. Tulilipwa kwa ndoo. Siku njema nilipata elfu nane, siku nyingine nauli tu.

Kazi ile inakwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, mwanga umezagaa bahari nzima na taa haziwakusanyi tena, basi mashua hukaa pwani. Ramadhani mwaka ule iliingia mwishoni mwa Aprili, na mwezi mwandamo ndio giza lenyewe, kwa hiyo siku za kwanza za saumu tulikuwa mbele ya moto, koo kavu, moshi machoni. Katikati ya mfungo kazi ikakatika. Lakini sikuvunjika kama nilivyovunjika Machi, na nimefikiri sana sababu yake. Barua ya hoteli haikuwa na tarehe. Kila nikiamka nilihesabu siku zilizopita tangu kusimamishwa, na hesabu hiyo haina mwisho. Mwezi una tarehe. Nilitoka uani usiku, nikautazama unavyomegeka, nikajua siku kadhaa mbele kuna kazi. Nikawa nahesabu kwenda mbele.

Masika hayakutuhurumia. Siku moja ya Mei mvua ilishuka ghafla, turubai halikutosha, mzigo wote ukaoza, nasi tukarudi mikono mitupu. Nililia njia nzima ndani ya gari, sioni aibu kusema. Nyumbani futari ilikuwa tayari: kila chumba kilileta kilichonacho, muhogo wa nazi wa Bi mkubwa, uji, tende kidogo. Siku hiyo sikuleta kitu. Sahani yangu ilikuwepo.

Baada ya kula nikampigia Mama. Nilipomaliza kusema, alikaa kimya, kisha akauliza, "Umefuturu nini?" Wiki ile ile kikapu kikafika bandari ya Malindi kwa boti ya Pemba: majimbi, ndizi mbichi, na ndani yake noti ya elfu kumi imefungwa kwenye kitambaa. Majimbi tulikula nyumba nzima.

Mwisho wa mwaka, watalii wa Urusi walipoanza kumiminika, niliitwa hoteli ya Nungwi kwa mkataba wa miezi mitatu. Kwenye daftari la Bi mkubwa nilikuwa na deni la miezi mitano. Nililimaliza Februari, elfu ishirini ishirini. Mkataba ukaongezwa.

Chumba sijakiacha. Ninaposhuka mjini siku za mapumziko huamka alfajiri kukuna nazi, na mwezi ukiwa giza hufuatana na kaka hadi Mangapwani, kwani dagaa wakiwa wengi mikono huwa haitoshi.